Fomu Kumi na Mbili

Jumatatu, 6 Septemba 2021. Sake

Tumeondoka Goma alfajiri, mimi na motari, dereva wa pikipiki. Mkobani nina fomu 60 za ridhaa, simu yenye dodoso, kirekodi sauti, kidau cha wino wa kidole gumba na kalamu tatu. Tulipofika Sake kalamu moja ilikuwa imevuja. Imechafua shati, mfuko wa kifuani na ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Nimeanzia ukurasa wa pili.

Kazi ni kuuliza wakulima wa Masisi na Walikale wanalipa nini, na wanamlipa nani, toka shambani hadi sokoni. Masisi ni maharage na viazi, Walikale ni mawese. Mtafiti mkuu yuko Ulaya. Mpango wake umepitishwa na kamati mbili za maadili, moja ya kwao na moja ya hapa Kongo. Atakayeketi na watu ni mimi. Kazi hii nimeifanya miaka 11 kwa ajili ya makala za watu wengine. Jina langu limechapwa mara moja tu, chini kabisa kwenye shukrani, na lilikosewa.

Humu sitaandika jina la mtu niliyemhoji wala la kijiji chake. Kwenye barieri, yaani vizuizi vya barabarani, mikoba hupekuliwa, na wanaopekua wanajua kusoma.

Jumanne, 7 Septemba. Masisi

Tangu Mei mkoa wetu wa Kivu Kaskazini uko chini ya utawala wa kijeshi, na hati ya safari inahitaji mhuri mmoja zaidi. Mhuri umegongwa juu ya tarehe, tarehe haisomeki. Nimeambiwa nilete nakala nyingine kesho. Mwenye mashine ya kurudufisha hana umeme.

Nimetumia jioni kuisoma fomu ya ridhaa. Ina kurasa tatu za Kifaransa na tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa mbali. Tafsiri inasema "ridhaa iliyopashwa habari". Nimemsomea mama mwenye nyumba ninakolala. Ameuliza, "Ni nani amepashwa habari, mwanangu? Mimi au hiyo karatasi?" Nimesema ni yeye. Akasema basi iandikwe hivyo.

Nimekaa na taa ya simu nikaandika upya kwa mkono, sentensi tano. Mimi ni nani na nimetumwa na nani. Nataka kujua nini. Kuna hatari gani ukizungumza nami. Unaweza kukataa sasa, katikati au kesho, na hakuna atakayekudai neno. Sina msaada wa kugawa. Mama amesikiliza, akasema hiyo ya mwisho niitangulize.

Jumatano, 8 Septemba. Kijiji cha kwanza

Saa moja asubuhi watu 23 walikuwa wamepanga mstari mbele ya nyumba ya kapita, mkuu wa kijiji. Kapita alikuwa ametangaza usiku kwamba watu wa kuandika majina wamefika. Huku kuandikwa jina ni kupewa jetoni ya unga, ya mafuta au ya turubai. Mama mmoja alikuwa ametembea saa mbili, na mtoto mgongoni.

Nimeanza na sentensi ya msaada, kama nilivyoshauriwa. Watu 14 wameondoka. Sikuwa na la kuwaambia zaidi ya samahani, na nimeisema kwa kila mmoja. Waliobaki ni tisa, na kapita alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu nasi kusikiliza. Mtu anayeulizwa anamlipa nani, na mmoja wa wanaolipwa yuko hatua tatu kutoka kwake, hajaridhia kitu hata akibonyeza vidole vyote kumi kwenye wino. Nimemwomba Mzee kapita kwa heshima atuache. Amekasirika. Nimelazimika kukaa naye hadi mchana, kumweleza kazi, kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, aliyonimiminia na kumsikiliza malalamiko yake juu ya barabara, nayo ni ya kweli. Mwishoni ameenda kukaa kwa shemeji yake.

Mahojiano ya leo: matatu. Mpango ulisema nane.

Alhamisi, 9 Septemba. Kijiji hichohicho

Mzee mmoja amezungumza karibu saa nzima. Ameeleza salongo, yaani kazi za pamoja, za kulazimishwa, ameeleza mchango wa lala salama, yaani pesa anayotoa kila mwezi kwa wenye bunduki ili alale, na ameeleza anavyogawa gunia moja la maharage kabla halijafika sokoni. Mvua ilianza dakika ya tano. Tulikuwa chini ya mabati.

Usiku nimesikiliza kirekodi. Kina dakika 47 za mvua. Daftarini nina mistari kumi.

Nakumbuka maneno yake mengi na ningeweza kuyaandika yote, mtu asijue. Lakini kukumbuka kwangu si kauli yake, na alama za kunukuu zina maana. Nimeandika mistari kumi ile tu, na kwenye nafasi iliyobaki nimeandika "mvua".

Ijumaa, 10 Septemba. Kijiji cha pili

Nimegundua leo kwamba programu ya dodoso inahifadhi yenyewe mahali ninapobonyeza "anza". Kila hojaji ina nukta yake kwenye ramani. Nimeikuza ramani. Nukta ya jana iko juu ya paa la yule mzee.

Nimezima na kupanda kilimani kutafuta mtandao ili nimpigie mratibu wa utafiti. Anasema jarida wanalolilenga linadai data iwekwe wazi pamoja na makala, ili wengine wakague hesabu, na nukta ni sehemu ya data. Naelewa sababu. Data iliyofichwa imewahi kuficha uongo mwingi, na mimi ni wa kwanza kutaka hesabu zikaguliwe. Lakini hapa nukta ni nyumba ya mtu aliyetaja anayemlipa. Yule anayelipwa naye ana simu.

Nimemkumbusha mratibu ripoti ya barieri ya mwaka 2017, ya Peer Schouten, Janvier Murairi na Saidi Kubuya. Walihesabu barieri 798 Kivu Kaskazini na Kivu Kusini wakaziweka kwenye ramani. Barieri iko barabarani, kila apitaye anaiona. Ramani yake haimfichui mtu. Aliyeeleza kilichomtoka kwenye barieri hiyo ndiye wa kufichwa. Pia nimemwambia kwamba kwenye jalada la ripoti ile Wakongomani wameandikwa kama waandishi. Kwa hilo la pili amenyamaza. Kwa la kwanza tumekubaliana: nukta zote zifutwe, ibaki moja tu, katikati ya eneo la chefu.

Wakati wa kushuka nimeteleza na kupasua suruali gotini.

Jumapili, 12 Septemba. Njia ya Nyabiondo

Pikipiki imeanguka kwenye matope saa tatu asubuhi. Motari hakuumia, mimi nimechubuka kiwiko. Mkoba ulitumbukia kwenye dimbwi la maji mekundu na kukaa humo mpaka tuliponyanyua pikipiki.

"Mkubwa, karatasi zako," amesema motari.

Fomu 12 za ridhaa zimelowa. Alama za vidole zimeenea kuwa mawingu ya buluu, haijulikani tena ni kidole cha nani. Majibu yenyewe yako salama ndani ya simu. Tumezianika juu ya majani ya migomba, motari akizigeuza moja moja kwa uangalifu ambao sikumfundisha.

Mchana nimempata mratibu. Amesema jambo ni dogo: majibu tunayo, watu walishakubali, nijaze fomu mpya 12 na kuweka alama kwa kidole changu mwenyewe, nikibadilisha mkono wa kushoto na wa kulia. Hakuna atakayekagua.

Nimekataa. Nimemwambia kwamba watu wale walikubali mbele yangu, mimi ni shahidi wao, siwezi kugeuka kuwa wao. Amesema bajeti haina siku za kurudi nyuma. Nimesema nitarudi kwa posho yangu, na ambaye sitampata, majibu yake yatoke.

Naandika haya bila hasira kwa sababu mratibu si mtu mbaya. Anabanwa na tarehe kama mimi. Lakini maadili ya utafiti, yanayozungumzwa sana kwenye kurasa za mwisho za majarida, kwa sehemu kubwa huamuliwa mahali kama hapa, mtu akiwa na kidau cha wino na hakuna anayemtazama.

Jumanne, 14 Septemba. Kurudi nyuma

Siku mbili, vijiji viwili. Kati ya watu 12 nimewapata tisa. Wanane wameweka kidole tena. Mmoja wao amecheka na kuniuliza kama kidole cha wiki iliyopita kimeoza.

Wa tisa amekataa. Mume wake alisikia kwamba alizungumza na mtu wa kuandika, na nyumbani pamekuwa na maneno. Mahojiano yake ndiyo yalikuwa mazuri kuliko yote: alitaja bei kwa bei, siku kwa siku, kama mwenye duka. Nimefungua simu, nikamwonyesha mahali majibu yake yalipo, na nimeyafuta akiangalia. Ameuliza kama yamekwenda kweli. Nimempa simu ayatafute mwenyewe. Hajui kusoma, lakini ameishika muda mrefu kabla ya kunirudishia.

Watatu wamekwenda kulima mbali. Majibu yao nimeyafuta jioni. Zimebaki fomu nane kati ya 12. Posho imekwisha, chakula cha usiku kilikuwa bugali na lengalenga kwa mama wa kijiji, naye amekataa pesa.

Alhamisi, 16 Septemba. Barabara ya Kibua na Mpofi

Barabara hii inapita Luvungi. Kati ya 30 Julai na 2 Agosti 2010 wapiganaji waliingia katika vijiji 13 vya upande huu. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa, wanawake, wanaume, wasichana na wavulana. Ntabo Ntaberi Sheka, aliyeongoza kundi mojawapo, amehukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi ya Goma Novemba mwaka jana.

Nimefika na dodoso langu la mawese. Swali la nne linauliza, "Umeacha kutumia njia gani, na kwa nini?" Katika kijiji kimoja, mama mmoja wa makamo aliposikia "kwa nini" aliweka chini kikapu, akauliza, "Na wewe umekuja kwa ile habari?"

Nimesema hapana, ni mawese.

Amesema wameuliza wengi. Walikuja na kamera, na madaftari, na magari. Wengine walimuuliza mara mbili kwa sababu ya kwanza haikusikika vizuri. Waliahidi kurudi na alichosema kikiwa kimeandikwa. Anaelewa kwamba dunia ilipaswa kujua, na kesi ilipaswa kwenda mahakamani. Asichoelewa ni wale waliokuja baadaye, mwaka baada ya mwaka, wakiuliza lilelile. Kisha ameanza kulisimulia, kama mtu anayejua kwamba ndilo litakalotakiwa mwishowe.

Nimefunga daftari na kuzima simu ili aone zimefungwa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema kwamba habari za ubakaji zisikusanywe mahali ambapo anayesimulia hawezi kupata huduma ya msingi karibu. Kituo cha afya kiko mbali kwa miguu, na leo sikujua kama kina dawa. Dodoso langu halikuandaliwa kwa hilo, wala mimi. Nimemsikiliza hadi mwisho kama jirani. Kisha nimefuatana naye, kwa ombi lake, hadi kwa mshauri wa wanawake wa kanisa lake.

Swali la nne nimelifuta kwenye dodoso la vijiji vyote vilivyobaki. Nimeandika sababu kwenye ripoti ya siku.

Motari amelipa soda. Alikuwa ametusubiri barabarani kwa saa tatu na hajaniuliza kitu.

Jumamosi, 18 Septemba. Walikale

Mtandao upo usiku. Barua 31. Mojawapo imetoka kwa jarida nisilolijua, inaniita profesa mashuhuri, inaniomba makala ya fani yoyote, inaahidi jibu ndani ya siku tatu. Ada ni dola 250.

Ningeifuta, ila rafiki yangu mmoja, msaidizi katika taasisi ya juu, amelipa jarida la namna hiyo mwaka jana. Alihitaji machapisho mawili ili apandishwe daraja. Makala yake ilikuwa nzuri, ya data alizokusanya mwenyewe kwa miguu. Haikusomwa na mhakiki hata mmoja. Ilipochapwa, kiwango cha mvua kilikuwa kimebadilika kuwa cha joto kwenye jedwali zima, na hakuna aliyejibu barua zake za kuomba sahihisho. Jeffrey Beall, mkutubi wa Marekani, alikuwa na orodha ya majarida ya kuwinda waandishi. Aliiondoa mwaka 2017, na wawindaji wameendelea. Wanamwinda asiye na mwalimu wa kumwonya, na asiye na chuo kinacholipia majarida ya kweli. Pesa ya rafiki yangu ilikuwa ya karo ya watoto. Nimemwandikia usiku huu asitume nyingine, tuandike pamoja.

Jumapili, 19 Septemba. Walikale

Betri ya kirekodi imekufa kabisa. Nimekwenda kituo cha afya kuomba kuchaji. Muuguzi ameniruhusu, na tumezungumza wakati simu na kirekodi vikijaa.

Amenikumbusha Ebola ya 2018 hadi 2020: wagonjwa 3,470, waliofariki 2,287, karibu wote katika Kivu Kaskazini na Ituri. Ameuliza damu iliyochukuliwa imekwenda wapi na nani ameandikwa. Nimemwambia ninachojua. Mwaka 1976, Ebola ilipotokea Yambuku, Daktari Jean-Jacques Muyembe alichukua damu kwa mikono mitupu, bila glavu, na sampuli zikapelekwa Antwerp ndani ya chupa ya chai. Kwa miaka mingi jina lililotangulia katika habari hiyo lilikuwa la Mbelgiji Peter Piot. Lakini majaribio ya dawa nne yaliyofanywa mkoani mwetu, kwa wagonjwa 681, yalipochapwa mwaka 2019 katika jarida la tiba la New England, jina la kwanza lilikuwa la Mkongomani, Sabue Mulangu. Na mojawapo ya dawa mbili zilizoshinda ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola kule Kikwit mwaka 1995.

Muuguzi ameomba nimwandikie jina hilo la Mulangu kwenye karatasi. Ameibandika ukutani, chini ya kalenda ya chanjo.

Jumatano, 10 Novemba. Goma

Barua ya mtafiti mkuu imefika. Makala iko karibu. Waandishi ni watatu, mimi nimo kwenye shukrani. Anaeleza kwa upole kwamba kanuni za majarida haziruhusu kumtaja kama mwandishi mtu ambaye hakushiriki kuandika.

Nimeisoma kanuni yenyewe. Imetokana na wahariri wa majarida ya tiba waliokutana Vancouver mwaka 1978, na majarida mengi ya fani nyingine yameifuata. Ina masharti manne: kuchangia kwa uzito katika kubuni kazi au kukusanya au kuchambua data, kuandika rasimu au kuihakiki, kuidhinisha toleo la mwisho, kuwajibika kwa yaliyomo. Ni masharti mazuri. Yalikusudiwa kumzuia mkuu wa idara asiyegusa kazi asijipachike jina. Kwetu yanatumika kinyume: ukinyimwa rasimu huwezi kuihakiki, na usipoihakiki huwi mwandishi. Lakini kanuni hiyohiyo inasema wazi kwamba aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kutimiza mengine.

Nimemjibu kwa sentensi hiyo, na orodha ya siku zangu za kazi. Nimemtajia pia maandishi ya wenzetu wa Bukavu na Ubelgiji yaliyotoka kama kitabu mwaka 2020, The Bukavu Series, kuhusu watafiti wa Kongo wanaofutwa kwenye kazi waliyoifanya. Sikumtuhumu. Nimeomba rasimu na siku kumi.

Ijumaa, 19 Novemba. Goma

Rasimu imekuja, pamoja na maneno ya kuomba radhi, nami nimeyapokea. Nimeisoma usiku mzima kwa mshumaa, umeme haukuwapo. Jedwali la kwanza linasema watu 60. Nimeandika pembeni: 56, na sababu. Kuna nukuu ya yule mzee wa mvua iliyorefushwa kuwa kauli kamili. Nimeirudisha kwenye maneno yaliyomo katika ile mistari kumi. Swali la nne limetolewa matokeo kwa vijiji vyote. Nimeeleza kwamba vijiji vya mwisho havikuulizwa.

Nta imedondokea ukurasa wa saba. Nimeupiga picha hivyohivyo na kuutuma.

Jumamosi, 12 Februari 2022. Kijiji cha pili

Makala bado iko kwa wahakiki, na jina langu ni la pili. Nimekuja na kurasa mbili za Kiswahili zenye yale tuliyoyakuta, nakala 20 ndani ya plastiki mbili. Mvua imenyesha njia nzima, karatasi ni kavu.

Tumeketi chini ya mti, watu kama 30. Nimesoma kwa sauti. Niliposoma kwamba mwanamke mwenye mzigo wa mgongoni hulipa franka 500 kupita, mama mmoja amenyoosha mkono.

"Siku ya soko ni 1,000," amesema. "Na wakati wa kurudi ni 500 tena, hata kikapu kikiwa kitupu. Hukutuuliza juu ya kurudi."

Nimewauliza wengine. Wamekubaliana naye wote. Ni kweli, dodoso halikuuliza juu ya kurudi.

Nimeandika sahihisho kwenye nakala zote 20 kwa kalamu. Saa mbili usiku nimepata mtandao kilimani, na nimelituma kwa mtafiti mkuu na kwa mhariri.